Sura ya mwigizaji hubaki, mwenyewe akasahaulika

Kila mwaka tamasha za drama na filamu za shule na vyuo zinapokaribia, huku kwetu Kisii na Nyamira mjadala ule ule hufufuka. Mzazi mmoja huja shuleni kulalamika kwamba binti yake anapotezewa wakati jukwaani ilhali mtihani unamngoja. Mwingine hunong'ona kwamba uigizaji ni kazi ya wasichana waliokosa malezi. Nasi walimu hujibu kwa kuvitaja vikombe tulivyovileta nyumbani kutoka mashindano ya mkoa na ya taifa, kana kwamba kikombe ni hoja. Kwa maoni yangu, pande zote mbili hazijagusa kiini cha jambo. Yafaa tujiulize ni nani atakayeimiliki sura ya binti huyo baada ya pazia kushuka, na sura hiyo itawafunza nini watakaoitazama miaka mingi baadaye.

Ili kulijibu swali hilo, naomba msomaji anifuate hadi mwaka wa 1929. Mwaka huo kampuni ya filamu ya MGM ya Marekani ilileta Afrika Mashariki msafara mkubwa wa wapiga picha, mafundi na waigizaji, chini ya mwongozaji W. S. Van Dyke. Walitua Mombasa, wakapanda bara, wakapiga picha nchini Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo iliyokuwa ya Wabelgiji. Huko Uganda waliweka kambi karibu na maporomoko ya Murchison, pale Mto Nile unapojipenyeza kati ya majabali na kuanguka kwa kishindo. Wakati huo filamu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kusema, na kuvileta vyombo vya kunasa sauti katika nyika ile lilikuwa jambo ambalo studio chache duniani zingethubutu. Filamu waliyoitengeneza iliitwa Trader Horn, nayo ilitoka mwaka wa 1931.

Katika msafara huo alikuwamo msichana aitwaye Edwina Booth. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Josephine Constance Woodruff, naye alizaliwa Provo, katika jimbo la Utah, mwaka wa 1904. Kabla ya safari hiyo alikuwa ameonekana katika filamu chache tu, na katika sehemu ndogo ndogo. Kwa msichana kama huyo, kuitwa na studio kubwa na kupewa nafasi ya mwigizaji mkuu wa kike ilikuwa bahati ya mtende. Nani angekataa?

Nafasi yenyewe ilikuwa hii. Aliigiza kama Nina, binti wa mmisionari, aliyepotea utotoni na kulelewa na Waafrika, akaishia kuwa mungu wao wa kike. Ni mweupe, nywele zake ni za dhahabu, mavazi yake ni haba, na mkononi ana mjeledi. Waafrika wote wanaomzunguka, wazee kwa vijana, wanamwogopa na kumsujudia. Kisha Wazungu wawili, mmoja mfanyabiashara mkongwe na mwingine kijana, wanafika na kumwokoa kutoka kwa watu hao hao anaowatawala. Msomaji atafakari mantiki ya kisa hicho. Mamia ya watu weusi, wenye nchi yao, wazee wao na desturi zao, wanahitaji msichana mmoja mweupe awaamuru. Naye msichana huyo, pamoja na enzi yake yote, anahitaji wanaume wawili weupe wamkomboe.

Filamu hiyo ilipendwa mno. Ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora, ingawa tuzo yenyewe ilichukuliwa na Cimarron. Sura ya Edwina Booth ikaenea katika mabango na magazeti, akajulikana kwa jina la mungu wa kike mweupe. Watu wengi wa Ulaya na Marekani ambao hawakuwahi kukanyaga Afrika walidhani wameiona, na waliyoiona ni ile ya Nina na mjeledi wake.

Sasa tutazame gharama. Kwa miezi mingi msichana huyu aliishi kambini, akapiga picha katika jua kali akiwa na nguo zisizomfunika, katika maji na vichaka ambavyo wenyeji wenyewe huviingia kwa tahadhari. Aliugua malaria na maradhi mengine ya nchi za joto, akapigwa na jua, na aliporudi kwao afya yake ilikuwa imeharibika. Aliishtaki MGM akidai fidia ya zaidi ya dola milioni moja, na kesi ikamalizwa nje ya mahakama. Alijikokota katika filamu chache za gharama ndogo, zikiwamo The Vanishing Legion ya mwaka wa 1931 na The Last of the Mohicans ya mwaka wa 1932. Baada ya hapo sinema haikumwona tena. Kazi yake yote, tangu mwanzo hadi mwisho, haikufika hata miaka mitano.

Yaliyofuata ndiyo yanayonisikitisha zaidi. Kwa kuwa hakuonekana tena, uvumi ulienea kwamba alikufa kwa ugonjwa alioupata Afrika. Uvumi huo ulidumu miaka mingi, watu wakiusimulia kama habari ya kweli. Kumbe mwenyewe alikuwa hai huko California, akiishi kimya kimya, akilitumikia kanisa lake mjini Los Angeles, bila kutaka kuzungumza juu ya sinema. Alifariki tarehe 18 Mei, 1991, akiwa na umri wa miaka 86. Dunia ilikuwa imemzika angali anapumua, maana kwao Edwina Booth alikuwa yule aliyemo katika filamu, ambaye hazeeki, haugui wala hadai fidia.

Ikiwa haya yalimpata mwigizaji mkuu, mweupe, mwenye uwezo wa kumwajiri wakili, sembuse Waafrika waliofanya kazi katika filamu hiyo hiyo? Aliyekuwa na sehemu kubwa miongoni mwao ni Mutia Omoolu, aliyeigiza kama Rencharo, mchukuzi wa bunduki na rafiki mwaminifu wa mfanyabiashara Horn. Huyu alipelekwa hadi Hollywood kukamilisha baadhi ya picha. Kuna jabali la kubuni liitwalo Mutia katika filamu za Tarzan zilizofuata, na inaelezwa kwamba jina hilo lilitokana naye. Ni heshima ya ajabu: jina la mtu halisi likapewa mlima usiokuwapo. Aidha, inasimuliwa katika maandishi mengi juu ya filamu hiyo kwamba Mwafrika mmoja miongoni mwa wafanyakazi aliliwa na mamba, na mwingine akauawa na kifaru. Nimezisoma habari hizo mara nyingi, na kila mara mamba ametajwa, kifaru ametajwa, lakini wafu hawakutajwa majina.

Na wale wanawake wanaocheza ngoma, wanaobeba watoto, wanaopita mbele ya kamera na kutokomea? Hao nao ni waigizaji wa kike wa Afrika Mashariki walioonekana katika filamu kubwa ya namna hiyo. Hatuna jina la hata mmoja ambaye mwalimu angeweza kuliandika ubaoni. Isitoshe, picha zao hazikutumika mara moja zikaisha. Mwaka wa 1932 MGM ilitoa Tarzan the Ape Man, iliyoongozwa na Van Dyke yule yule, na ndani yake mkapachikwa vipande vilivyopigwa wakati wa safari ya Trader Horn. Watu wetu, wanyama wetu na mito yetu ikauzwa mara ya pili bila mtu kulipwa mara ya pili.

Sisi watu wa Gusii tuna mfano wa karibu wa jambo hili. Vinyago vya mawe ya Tabaka vimesafiri kuliko wengi wetu. Vimo katika maduka ya zawadi ya Nairobi na Mombasa, vimo sebuleni mwa watu huko London na Chicago. Kinyago kimefika, lakini ni mara ngapi jina la mchongaji limefika pamoja nacho? Anayekinunua husema amenunua jiwe la Kisii. Tumeizoea hali hiyo hata hatuioni kuwa dhuluma. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanawake wale wa mwaka wa 1929, na ndivyo itakavyokuwa kwa binti zetu iwapo hatutakuwa macho.

Kuna ulinganisho mwingine ambao kila mwanafunzi wa kaunti hizi mbili angepaswa kuujua. Miaka ishirini na mmoja kabla ya msafara wa MGM kufika, yaani mwaka wa 1908, palikuwa na mwanamke katika Kitutu aliyeitwa Moraa, mke wa Ng'iti. Alikuwa mganga na mwaguzi, na watu walimsikiliza. Utawala wa Waingereza ulipoanza kuwakandamiza watu, Moraa aliwashutumu wapiganaji kwa woga wao na kuwahimiza wasimame. Kijana Otenyo akamchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wa serikali ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, na baadaye akapanda cheo hadi kuwa gavana wa Hong Kong. Gusii ililipa kwa nyumba zilizoteketezwa, watu wengi waliouawa na ng'ombe waliochukuliwa kwa maelfu.

Basi tuwaweke wanawake hawa wawili bega kwa bega. Nina ni wa kubuni, lakini picha yake imehifadhiwa, inaweza kutazamwa leo usiku kwa simu ya mkononi. Moraa alikuwa mtu halisi, aliyewaongoza watu halisi kwa akili na ulimi wake, bila mjeledi, wala nyimbo na masimulizi ya wazee hayajamsahau. Lakini filamu kubwa juu yake hatujaiona. Mtoto wa Kisii anayetaka kumwona mwanamke mwenye mamlaka katika nchi ya Afrika ataonyeshwa yupi kwanza?

Nimewahi kuwaomba wanafunzi darasani wanieleze jinsi malkia anavyopaswa kuonekana katika mchezo wa kuigiza. Majibu yalikuwa ya haraka: awe na nywele ndefu zinazoteleza, na awe mweupe, au angalau awe na rangi ya maji ya kunde. Wasichana wenyewe ndio waliosema hivyo, nao ni weusi kama mimi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia jina la Edwina Booth. Hawakuhitaji kulisikia. Sura yake imepita katika filamu za Tarzan, katika vichekesho vya magazeti, katika matangazo ya biashara, katika wanasesere wa madukani, hadi ikawafikia bila jina la mtu wala tarehe. Sumu iliyopoteza kibandiko chake ni hatari kuliko iliyo nacho.

Wala tusijidanganye kwamba ni mambo ya mawazo matupu. Krimu za kuchubua ngozi zingali zikiuzwa katika masoko yetu, nyingine zikiwa na zebaki ambayo hudhuru figo, licha ya kupigwa marufuku. Mwaka wa 2014, mwezi wa Februari, Lupita Nyong'o alieleza mbele ya hadhira huko Marekani kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu amwamshe akiwa na ngozi nyeupe zaidi, na kwamba mambo yalianza kubadilika alipomwona mwanamitindo Alek Wek, mwanamke mweusi kutoka Sudan Kusini, akisifiwa na dunia. Siku chache baadaye, mwezi wa Machi, alipokea Oscar kwa kazi yake katika filamu ya 12 Years a Slave. Huyo ni binti aliyekulia Kenya, wa jamii yenye elimu na nafasi. Ikiwa yeye aliomba hivyo, je, yule wa kijijini Nyamira ambaye hana wa kumwambia?

Kwa bahati nzuri tunao mfano wa njia nyingine, tena hapa jirani. Amandina Lihamba wa Tanzania aliigiza katika filamu ya Arusi ya Mariamu mwaka wa 1985, na baadaye katika Maangamizi, iliyotoka mwaka wa 2001 na kuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar. Katika hii ya pili aliigiza kama Samehe, mgonjwa aliyejifunga katika kimya kwa miaka mingi. Lakini nje ya filamu Lihamba hakunyamaza. Alikuwa profesa wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaandika tamthilia, na pamoja na Penina Mlama akaanzisha mwaka wa 1996 mradi uitwao Tuseme, ambao uliwawezesha wasichana wa shule za sekondari kutumia maigizo kueleza matatizo yanayowazuia kusoma. Mradi huo ulienea hadi nchi nyingine za Afrika. Mwigizaji huyu hakuiachia kamera imwamulie yeye ni nani. Alikuwa na elimu yake, kalamu yake na wanafunzi wake.

Hapa Kenya pia kuna njia iliyokwisha kufyekwa. Mwaka wa 1992 Anne Mungai aliongoza filamu ya Saikati, iliyomhusu msichana wa Kimaasai anayetaka elimu badala ya ndoa aliyopangiwa. Mwanamke wa Kiafrika alikuwa nyuma ya kamera, na mwingine mbele yake. Tofauti na Trader Horn haihitaji maelezo marefu: msichana wa Anne Mungai ana swali lake mwenyewe, na anatafuta jibu kwa miguu yake mwenyewe.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kwamba filamu ya mwaka wa 1931 ni mzee asiyeuma, na kwamba sinema ni burudani tu. Nami nawauliza, kama ni burudani tu, mbona serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kudhibiti michezo na sinema katika nchi hii mapema kama mwaka wa 1912? Wakoloni walijua nguvu ya picha. Wengine watasema mwalimu hana wakati, silabasi haijakamilika. Hao nawakumbusha kwamba mtaala wa umilisi umeweka katika sekondari pevu mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, ambamo maigizo na filamu ni somo. Mtoto atakayelichagua somo hilo anastahili mwalimu mwenye la kumwambia kuhusu kazi hiyo, zaidi ya kumkaririsha mistari na kumfundisha kusimama penye mwanga.

Kwa hiyo natoa mapendekezo machache, kwanza kwa walimu wenzangu. Filamu itazamwe darasani kama kitabu kinavyosomwa. Wanafunzi waulizwe: nani anasema na nani ananyamaza? Nani ana jina na nani hana? Nani anaokoa na nani anaokolewa? Maswali hayo matatu, mtoto akishayazoea, atayatumia hata kwa video fupi anazotazama kwenye simu. Pili, kila igizo na kila filamu ya shule iwe na orodha kamili ya majina, tangu mwigizaji mkuu hadi aliyeshika taa na aliyeshona mavazi, na orodha hiyo ihifadhiwe maktabani pamoja na mswada. Shule ngapi za Kisii zinaweza leo kutuonyesha majina ya waliocheza mwaka wa 1985? Vikombe vimo kabatini vinang'aa, waliovileta hatuwajui.

Tatu, usalama. Mwigizaji wa shule ni mtoto wa mtu kabla hajawa mwigizaji. Asisafirishwe usiku kwa gari lililojaa kupita kiasi, asilazwe sakafuni penye baridi, asifanyishwe mazoezi hadi sauti ikapotea kwa sababu mwalimu anataka kupita mkoani. Edwina Booth aliambiwa avumilie kwa ajili ya filamu. Filamu ilikamilika, na afya yake ikakatika.

Kwa wanafunzi nina neno moja refu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamtambua mwigizaji kuwa mtu mwenye haki juu ya uigizaji wake. Sheria ya mwaka wa 2007 kuhusu fidia inamlinda mfanyakazi anayeumia kazini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na picha yake ni mojawapo. Zisomeni. Siku hizi vijana wetu wanatengeneza vichekesho vya Ekegusii na kuvitandaza mtandaoni, na wengine wanajipatia riziki. Jambo hilo ni jema. Lakini atakayekujia na kamera na ahadi, mwombe mkataba ulioandikwa. Usome, umpe mzazi asome, umpe mwalimu asome. Ulize utalipwaje picha ikiuzwa tena. Ulize nani atakutibu ukiumia. Asiyetaka kuulizwa hayo hana nia njema nawe, hata akikuita nyota.

Mwisho nawageukia viongozi wa kaunti zetu mbili na wasomi wa Chuo Kikuu cha Kisii. Wazee wanaozijua habari za Moraa kama walivyosimuliwa na babu na bibi zao wanapungua kila mwaka. Zirekodiwe sauti zao, zichapishwe habari hizo, na msichana wa Gusii apewe nafasi ya kumwigiza Moraa katika filamu iliyotengenezwa na watu wanaomjua. Filamu hiyo ikitoka, majina ya wote walioifanya yaandikwe mwishoni kwa herufi zinazosomeka, na sisi watazamaji tusiinuke kitini kabla ya jina la mwisho kupita.